Mwanangu anakula vitu sita tu: wazazi wa watoto wenye usonji na ADHD, tukutane hapa

Kikombe cha Buluu (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Mimi ni msomaji wa kimyakimya. Leo nimejikaza nifungue uzi kwa sababu kila baada ya siku chache naona mzazi anauliza swali lilelile, "mwanangu hataki kula, nifanyeje?", na majibu ni yaleyale: mlaze na njaa siku mbili, atakula mwenyewe. Kwetu ushauri huo uligharimu karibu mwaka mzima na kilo mbili za mwili wa mtoto.

Mwanangu ana miaka 7 na ana usonji. Vyakula anavyokula ni sita. Wali mweupe usio na mchuzi, tosti iliyokatwa kingo, viazi vya kukaanga vyembamba, biskuti za aina moja, ndizi isiyo na doa, na maziwa. Maziwa lazima yawe kwenye kikombe cha buluu. Mwaka juzi vyakula vilikuwa tisa. Vitatu vilivyoondoka kila kimoja kina kisa chake, na katika viwili mkosaji ni mimi.

Lilitangulia yai. Alikuwa anakula yai la kuchemsha, kiini peke yake. Akaumwa, akaandikiwa vidonge, kumeza hawezi. Nikajiona mjanja, nikasaga kidonge nikakichanganya na kiini. Alionja mara moja. Hakulia. Alikitema kwenye kiganja, akakitazama, akanitazama mimi, akashuka kwenye kiti akaenda kunawa. Tangu siku hiyo yai halijapita kwenye midomo yake, na kwa miezi kadhaa alikuwa ananusa kila nilichompa, hata maji. Kwa hiyo mnaposhauriana kuficha mboga ndani ya chakula anachokipenda mtoto, fikirini mara mbili. Mwenye vyakula arobaini ukimharibia kimoja wala hasikii. Mwenye tisa anabaki na vinane, na cha kumi ataletewa na nani tena, ikiwa mleta chakula ndiye aliyemtega?

Ukafuata mtindi. Kiwanda kilibadilisha kopo. Mimi niliona picha mpya tu, yeye aliona kitu kigeni mezani. Nikabishana naye: "ni uleule, onja." Kumbe pengine hata ladha ilikuwa imebadilika kidogo, nani ajuaye, ulimi wake unasikia mambo ambayo wangu hausikii. Kosa langu ni kwamba nilibishana kila siku kwa wiki mbili, mpaka hata kopo la zamani lingerudi asingeligusa. Somo lililobaki: biskuti sasa nazimimina kwenye bati moja tangu siku ya kwanza. Hajui zinatoka kwenye karatasi ya rangi gani.

Kuku alimkinai tu. Alimla kila siku miezi minne mfululizo, siku moja akasukuma sahani, ikawa basi. Nimeambiwa hili ni la kawaida sana kwa watoto wetu, na wengi wakishakikinai kitu hawakirudii. Ndiyo maana siku hizi, hata kwa hivyo sita, sirudishi kitu kilekile kwa sura ileile siku mbili zikifuatana kama naweza kukwepa.

Sasa ule mwaka wa vita. Nilikuwa nakaa naye mezani saa nzima. "Kijiko kimoja tu cha mama." Chakula kimepoa, kimeshikamana, mimi natoka jasho. Siku moja nikaangalia chini ya meza nikaona mikono yake imeshika ukingo wa kiti, kucha zimekuwa nyeupe. Nilikuwa nimeamini kwamba ananigomea. Mtu anayegoma hashiki kiti namna ile. Mtu anayeogopa ndiye anashika hivyo.

Mtaalamu wa tiba kazi (anayesaidia mtu kumudu shughuli za kila siku) tuliyempata baadaye hakuniambia nimlishe nini. Aliniambia kwa wiki mbili niandike tu: kitu kina joto au baridi, kinatoa sauti gani kinapotafunwa, kina harufu, kimeloa au kikavu, kimeguswa na kingine sahanini. Daftari lilipojaa nikaona mwenyewe. Vyote sita ni vya rangi ya maziwa au kahawia hafifu, havina mbegu, havina vipande ndani, na havibadiliki kati ya kutafuna kwa kwanza na kwa mwisho. Miaka yote nilikuwa nashindana na "ubishi" ambao ulikuwa na kanuni zake.

Tunachofanya sasa: anakula kwa saa maalumu, mara tano kwa siku, katikati hakuna kudokoa. Kila mezani kuna angalau kitu kimoja cha uhakika. Chakula kingine tunachokula sisi kipo kwenye sahani ya katikati, anayetaka anachota, na hakuna anayemwambia neno. Hakuna "onja", hakuna "umejitahidi", hakuna makofi. Makofi ndiyo yalikuwa magumu kwa baba yake kuyaacha! Lakini hata sifa ni msukumo, mtoto anajua anaangaliwa.

Kanuni hiyo si yangu. Ellyn Satter, mtaalamu wa lishe wa Marekani, aligawa kazi hivi: mzazi anaamua kiliwe nini, lini na wapi, mtoto anaamua ale au asile, na kiasi gani. Mimi nimeichukua kwa marekebisho, nitaeleza chini mtu akiuliza. Karibuni, semeni yenu.

Mzee wa Mkekani

Pole dada, lakini wacha niseme ninachokiona. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sisi tulilelewa saba kwenye sinia moja, ukizubaa unalala njaa. Hakukuwa na kikombe cha rangi. Ukimpa mtoto menyu anakuwa mwenye hoteli, wewe mhudumu. Mimi naamini hakuna mtoto anayekufa njaa chakula kikiwa mbele yake.

Kikombe cha Buluu

Mzee wangu shikamoo, nimekusikia, na hata mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo juu ya watoto wa wenzangu. Tulijaribu. Siku ya kwanza hakula. Ya pili hakula, akanywa maji. Ya tatu asubuhi alikuwa amelala sakafuni, hana nguvu, na chakula "kipya" bado kipo mezani. Hospitali wakamtundikia dripu. Kanuni ya "njaa itamfundisha" inahitaji mtoto anayeisikia njaa na ambaye hofu yake ni ndogo kuliko njaa hiyo. Wangu hana la kwanza wala la pili.

Nyanya Ina Ute

Naomba kujibu hapa kwa sababu mimi ndiye huyo mtoto, ila nimekua. Nina miaka 34, nina usonji, nimejulikana nikiwa na 29.

Mzee, nikueleze nyanya ilivyo mdomoni mwangu. Nje kuna ngozi inayoteleza, haikatiki mpaka ubane. Ikikatika, maji baridi yanaruka ghafla. Ndani kuna mbegu zimefunikwa na ute. Katikati kuna nyama laini halafu kipande kigumu cheupe. Hivyo ni vitu vinne tofauti ndani ya tonge moja na sikupewa taarifa ya hata kimoja. Watu wengine mdomo wao unavichanganya vyote vinakuwa "nyanya". Wangu hauchanganyi.

Ndiyo maana biskuti. Watu wanadhani tunapenda vyakula vya viwandani kwa sababu ya sukari. Biskuti ya kwanza na ya ishirini ni sawasawa. Tunda moja tamu, la pili chachu, la tatu limeoza upande mmoja. Kwenu hiyo ni ladha ya asili, kwangu ni bahati nasibu mara tatu kwa siku.

Na njaa. Nilikuwa siisikii tumboni. Ilikuja kama hasira, au kichwa kuuma, au kuona kila mtu ananikera. Mama alikuwa ananiuliza "una njaa?" nasema hapana, na nilikuwa nasema kweli nijuavyo. Mpaka leo nakula kwa kengele ya simu. Mleta uzi, ukiniuliza mimi, hizo saa tano maalumu ndizo zimemsaidia mwanao kuliko kingine chochote ulichoandika.

Shuleni kuna mtu mzima mmoja alinishika kidevu akanifungua mdomo. Nilikuwa na miaka 6. Chakula kile siwezi kukitaja hapa hata kwa jina, tumbo linageuka.

Kikombe cha Buluu

Nyanya Ina Ute, umenifanya niweke simu chini kwanza. Asante.

Na ndiyo hayo marekebisho niliyosema. Ukimwachia mtoto asiyesikia njaa aamue "kiasi gani" bila ratiba, ataamua sifuri mpaka jioni. Kwa hiyo ratiba sisi hatuiachii. Kula au kutokula ni kwake, lakini kuja mezani saa inapofika ni kwetu, hata kama atakaa dakika tano na kunywa maziwa tu.

Baba Zai

Wakuu, mimi wa kwangu ni ADHD, yaani ile hali ya kushindwa kutulia na kuzingatia, binti wa miaka 9. Tatizo letu ni tofauti kidogo. Kabla ya dawa alikuwa anakula huku anazunguka meza, kijiko kinabaki njiani. Ameanza dawa, darasani mambo mazuri, lakini kile kisanduku cha chakula cha mchana kinarudi kama kilivyotoka. Saa mbili usiku ndiyo anafungua friji kama mwizi. Mama yake anataka tuache dawa. Mwenye uzoefu?

Lishe na Chumvi

Baba Zai, mimi ni mtaalamu wa lishe, nafanya kazi na watoto. Ulichoeleza ndivyo dawa za kundi la methilfenideti, zinazotumika sana kwa ADHD, zinavyofanya. Zinapunguza hamu ya kula zikiwa kazini, na zikiisha mwilini njaa inarudi kwa kishindo. Msiache dawa kwa uamuzi wa mezani, zungumzeni na daktari aliyeiandika. Kuna namna za kubadilisha kiwango, aina au muda.

Kwa upande wa sahani: kifungua kinywa kiliwe kabla ya dawa, kizito, chenye mayai au siagi ya karanga au chochote cha protini na mafuta anachokikubali. Mchana usimdai mlo mzima, mpe kidogo ambacho hata kwa mkono mmoja kinaliwa, na cha kunywa chenye lishe. Hiyo saa mbili usiku ndiyo chakula chake cha mchana, kiheshimuni. Pika mlo kamili usiku, usimwite mwizi. Na apimwe uzito na urefu kila baada ya miezi michache, iandikwe kwenye chati. Ukiona mstari umelala, hapo ndipo mrudi kwa daktari haraka.

Kwa kuwa nimeshaingia, niongeze ya wote. Hakuna jipya kwenye matatizo haya. Daktari wa akili wa Marekani, Leo Kanner, alipoandika mwaka 1943 kuhusu watoto 11 ambao ndio walilipa jina la usonji maana tunayoijua, habari za watoto kukataa chakula zimo humo humo. Uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi, uliochapishwa 2013, ulikuta matatizo ya ulaji kwa watoto wenye usonji ni kama mara tano ya wenzao, na wanachopungukiwa zaidi ni protini na kalsiamu. Mwaka huohuo wa 2013 madaktari wa akili wa Marekani waliingiza kwenye mwongozo wao hali inayoitwa ARFID. Ni kuepuka chakula kiasi cha kudhuru afya au maisha, bila mtu kujali unene wala umbo lake. Mtoto anaweza kuwa nayo pamoja na usonji au ADHD. Nawaambia jina hili kwa sababu kuna milango ya hospitali haifunguki mpaka ulitaje.

Mama Mapacha

Nafuatilia uzi huu kwa machozi. Wangu mmoja wa mapacha, miaka 4, hatujapata jina la tatizo bado. Anakunywa maziwa kutwa, naweza kusema lita nzima na zaidi, chakula kigumu hataki. Amekuwa mweupe mweupe, analala ovyo. Na mwezi huu nimemkuta mara tatu anakula udongo wa kwenye chungu cha maua. Nikafikiri labda hizo ndizo tabia za usonji?

Lishe na Chumvi

Mama Mapacha, hii usiisubirishe. Kesho, kama unaweza, mpeleke apimwe damu na madini ya chuma.

Maziwa ya ng'ombe yana chuma kidogo sana, na mtoto akijaza tumbo kwa maziwa hana nafasi ya kingine. Zaidi ya nusu lita kwa siku kwa umri huo mimi huanza kuuliza maswali, lita ni nyingi. Kula udongo kunaendana sana na upungufu wa chuma. Inaweza ikawa pia ni kutafuta mguso mdomoni, watoto wenye usonji wanafanya hivyo, lakini huwezi kujua ni lipi bila kipimo. Na udongo unaweza kuwa na minyoo au madini ya risasi yenye sumu, mwambie daktari kwamba anaula, usione aibu.

Maziwa usiyakate ghafla, ndicho chakula chake pekee! Punguza kidogo kidogo, yape saa, yawe baada ya kula.

Mama Mapacha

Asante sana. Naenda kesho.

Mzee wa Mkekani

Nimesoma maelezo ya Nyanya Ina Ute mara mbili. Sikubaliani na yote yanayosemwa humu lakini hilo la ngozi na ute nimelielewa. Nina swali la kweli, si la kuchokoza. Nyumba ina watoto wanne. Mmoja anapewa viazi vyake, wengine mboga. Kesho na wengine watakataa mboga. Utawaambia nini? Haki iko wapi?

Kikombe cha Buluu

Mzee hapo umegonga, na hilo lilitusumbua kuliko lolote. Dada yake ana miaka 10. Aliwahi kuniambia, "na mimi ningekuwa na usonji ningepewa chipsi." Nilicheka usiku, mchana nilinyamaza.

Tulichofanya ni kuweka viazi katikati ya meza. Ni vya wote. Mboga ni za wote, wali ni wa wote. Dada akitaka viazi anachota, na vikiisha vimeisha. Wiki ya kwanza alikula viazi tu, kwa kulipiza. Ya pili akachoka. Ndugu yake hakuchoka, na hapo yeye mwenyewe akaniambia, "mama, yeye kweli hawezi." Sikuwahi kupata maelezo mazuri kuliko hayo.

Siwezi kukudanganya kwamba kila nyumba itaenda hivyo.

Siri ya Jikoni

Samahani wakuu, kuna kundi moja naambiwa nitoe ngano na maziwa kabisa, usonji utapungua. Kuna ukweli?

Lishe na Chumvi

Shirika la Cochrane, ambalo kazi yake ni kuchambua tafiti, lilipitia suala hilo na kusasisha mwaka 2008. Ushahidi waliopata ulikuwa dhaifu. Kama ana mzio au ugonjwa wa siliaki (gluteni ya ngano inadhuru utumbo) uliothibitishwa, hiyo ni kesi nyingine. Lakini mwangalie mtoto wa mleta uzi. Vyakula sita, toa ngano na maziwa: tosti imeenda, biskuti zimeenda, maziwa yameenda. Anabaki na vitatu. Kwa watoto wetu hilo ni jambo la hatari na mtu anayelishauri bila kuuliza mtoto anakula nini hafai kusikilizwa.

Baba Zai

Mkuu Lishe, naomba utuwekee dalili za kukimbilia hospitali, maana "mchaguzi wa chakula" na "mgonjwa" mimi siwatofautishi.

Lishe na Chumvi

Sawa. Uzito unashuka, au haupandi kwa miezi. Chakula kinachoachwa hakirudi na orodha inazidi kufupika, hasa ikifika chini ya kumi hivi. Kukohoa au kupaliwa kila akila, au sauti ya maji maji kooni baada ya kunywa. Kutapika mara kwa mara. Kukosa choo: hili wazazi wanalidharau, ila mtoto aliyefunga choo siku nne hana nafasi ya chakula wala hamu, na mengi ninayoletewa kama "ubishi" yanaanzia huko. Meno pia, mkague mdomoni. Asiyeongea hawezi kukwambia jino linauma, ataacha tu kutafuna upande huo, halafu ataacha kutafuna kabisa.

Na msidanganywe na mwili. Mwaka 2019 madaktari wa Bristol, Uingereza, walichapisha kisa cha kijana aliyekula chipsi, viazi vya pakiti, mkate mweupe na nyama za kusindikwa kwa miaka. Uzito wake ulikuwa wa kawaida. Kufikia miaka 17 alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuona, na haukurudi. Kiseyeye nacho, ambacho tunakiona kama ugonjwa wa mabaharia wa kale, kimeandikwa mara nyingi kwa watoto wenye usonji wasiogusa tunda wala mboga. Wanaanza kuchechemea, wanakataa kutembea, wanapigwa picha za mifupa na kupimwa hata saratani, hakuna anayeuliza wanakula nini. Ukimpa vitamini C anapona. Kwa hiyo mtoto wako mwenye vyakula vichache akianza kuchechemea au fizi zikatoa damu, wewe mwenyewe mwambie daktari vyakula vyake ni vingapi, usingoje aulize.

Halafu kuna kuchefuka na kuna kukabwa. Mtoto anayechefuka anatoa sauti, anatoa ulimi, uso unakuwa mwekundu. Koo linajilinda, kaa kimya umwache. Anayekabwa na chakula hana sauti. Huyo ndiye wa kumrukia.

Mama Mapacha

Nimerudi. Damu iko chini, chuma kiko chini sana. Amepewa dawa ya maji. Ladha yake kama msumari, ameitema ukutani.

Kikombe cha Buluu

Afadhali mmejua mapema! Dawa chonde usiiweke kwenye maziwa yake. Maziwa yanazuia chuma kufyonzwa, na ukiyaharibia ladha utanikumbuka mimi na yai langu. Muulize daktari kama kuna ya aina nyingine. Sisi za maji tunapiga kwa bomba la sindano lisilo na sindano, pembeni ya shavu, nikimwambia kabla: "hii ni dawa, ni mbaya, ni mara mbili, moja, mbili, maji." Namwambia mbaya kwa sababu ni mbaya. Haipendi lakini hanishuku tena.

Siri ya Jikoni

Na kuongeza chakula kipya mmefanyaje? Maana kumwachia tu kuna siku atakula?

Kikombe cha Buluu

Kuna siku, na kuna siku hakuna. Nitakueleza cha viazi, ndicho pekee tulichofika mbali.

Alikuwa anakula vyembamba, vya kukaanga, vya kahawia. Mtaalamu alisema tubadilishe kitu kimoja tu kwa kila hatua na tusipite mbele mpaka kimekuwa cha kawaida. Kwa hiyo wiki tatu ni vilevile, vimezidi unene kama njiti ya kiberiti. Viwili tu vya aina hiyo pembeni ya sahani, vingine vya zamani. Alivitenga. Akavitenga. Siku ya kumi na moja kimoja kilipotea, sikuona alivyokula na sikuuliza. Halafu vinene vyote. Halafu vinene vya kuokwa lakini rangi ileile. Hapo tulikwama miezi miwili, tukarudi nyuma hatua moja, tukaenda tena. Leo anakula pia kiazi cha kuoka kilichokatwa mapande. Miezi minane kwa kiazi. Mume wangu anasema tungeweza kukisomesha.

Mtoto wa kawaida anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara 8 hadi 15 kabla hajakikubali. Wetu wanahitaji zaidi, na kukutana si lazima kula. Kay Toomey, mwanasaikolojia wa Marekani, alizipanga hatua za kufikia kula zikafika 32, na ya kwanza ni kuvumilia tu kuwa chumba kimoja na chakula hicho. Nilipoisikia nilicheka. Siku hizi nikiona amekaa meza moja na yai la dada yake bila kuziba pua, naandika kwenye daftari.

Jikoni anaingia, anaosha viazi, anapanga sahani, anamwaga mchele kwenye sufuria. Kushika chakula bila kutakiwa kukila kumemfungua mikono kuliko meza ilivyowahi.

Nyanya Ina Ute

Hilo la jikoni nakubaliana nalo. Karoti nilianza kuila nikiwa na miaka 22, kwa sababu nilikuwa naikata mwenyewe. Ila naomba mtu asisome uzi huu akadhani mwisho wa safari ni mtoto kula kila kitu. Nina vyakula 26, nimevihesabu. Nakunywa vidonge vya vitamini. Nafanya kazi, nina mke, damu yangu iko sawa. Sehemu iliyoniumiza ni kidevu kushikwa. Uchache wa vyakula haukuniumiza.

Mzee wa Mkekani

Mwanangu, vidonge hivyo vya vitamini unavimeza kwa nini, kwa maji au?

Nyanya Ina Ute

Kwa maji ya baridi sana, mzee. Baridi inaua ladha.

Baba Zai

Mrejesho: tumehamisha mlo mkubwa kwenda saa mbili usiku, sote tunakula saa hiyo sasa. Kisanduku cha mchana kinarudi nusu. Kwenye chati amepanda gramu 600.

Siri ya Jikoni

Mleta uzi, swali la mwisho, kikombe cha buluu kikivunjika?

Kikombe cha Buluu

Nilinunua vitatu siku moja, nikawa navizungusha ili vyote vichakae sawa, maana kipya kikitokea ghafla anakijua. Kimoja kilipasuka juzi. Nimeanza kuweka kijani mezani, kitupu, mbali na yeye. Jana amekigeuza kichwa chini, akakipigapiga kama ngoma.

Maziwa alikunywa kwenye buluu.